Siku Asipokuja, Andika Sifuri

Hai Jalaba, Juba
4 Machi 2024

Kaka Fortunato,

Salamu zikukute mzima, wewe na goti lako. Mimi nimefika, ila mgongo wangu nadhani umebaki kwenye lori la Robinson, akiuona atauleta. Vipi shamba? Vipi mwanao Viola, ameandika kutoka Kampala au bado mji unamshughulisha? Usimlaumu sana, nasi tulikuwa hivyo.

Nimepata chumba kwa mama mmoja wa Uganda, Annet, anayepika na kuuza chakula barazani. Dirisha langu linatazama ukuta, lakini watu ni wengi na sikosi wa kuongea naye. Jumapili wenzangu wa darasani wamesema tutakwenda kutembea mtoni. Basi usiwe na wasiwasi nami.

Sasa jambo lenyewe. Mafunzo yanafanyika Thongpiny, karibu kabisa na uwanja wa ndege, hata mwalimu hulazimika kunyamaza ndege za watu zipite ndipo aendelee na ndege wa Mungu. Tuko walinzi wa misitu kumi na wanane, na mwenye mvi ni mimi tu. Kilichonileta unakijua: ofisi imesema mlinzi asiye na cheti arudishe sare mwisho wa mwaka. Miaka kumi na mmoja nimeulinda msitu ule tangu Baba afariki, na leo natafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba naujua.

Kila mwanafunzi anachagua kipande kimoja cha msitu wa kwao, na mtu wa kuaminika anakitazama kila siku na kuandika viumbe wanaokitumia. Bila kumbukumbu hizo hakuna cheti. Mimi nimechagua bondeni, pale kwenye mkangazi mkavu wenye tundu la ndege wetu hondohondo. Mtu wa kuaminika nimekuandika wewe. Najua sikukuuliza. Mwalimu wetu, Madam Jerioth, Mkenya, atazunguka mwezi wa nane kukagua vipande vyote. Karatasi za kujaza zinachapishwa, nitakutumia.

Nimeandika Kiswahili chetu cha Kitale ili Robinson, mbeba barua wetu, asipate cha kusoma njiani. Ule mnara wa simu ukifufuka, niambie.

Mimi dada yako,
Santina


Lokwara, upande wa Magwi
25 Machi 2024

Dada Santina,

Barua yako imenikuta hai, na goti linakusalimia kwa sauti kila ninapoinuka. Mahindi sijapanda. Mimi naingoja mvua, na kima wananingoja mimi. Viola kimya. Tangu uondoke napika cha watu wawili kwa mazoea, kisha asubuhi nakula kile chako kikiwa baridi.

Kazi uliyonipa nimeikubali, ingawa ungeniuliza ningejidai kidogo kwanza. Una bahati. Alhamisi jike la hondohondo limeingia tunduni. Sasa wanaziba mlango kwa matope, yeye kwa ndani na dume kwa nje, mpaka umebaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Nilikaa pale mpaka jua likawa utosini. Dume alileta tini, akamlisha moja moja kupitia ule ufa. Siku ya kwanza Baba kutuonyesha jambo hilo, wewe ulilia ukidhani jike amefungwa jela.

Nimesoma mara tatu pale unaposema Madam anakuja kukagua. Unakumbuka Kitale, tulipokuwa wakimbizi, Baba akiwa kibarua kwenye msitu wa kupandwa? Siku ya bwana misitu kuja kukagua tulifyeka, tukaondoa kila mti mkavu, tukakusanya matawi na kuyachoma, mpaka chini ya miti pakafanana na ua uliofagiwa. Mti mkavu ni aibu ya mlinzi, ndivyo Baba alivyokuwa akisema. Basi Madam wako hatakuta aibu. Mkangazi wa hondohondo siugusi, huyo ni mgeni wako. Lakini kilichobaki bondeni kote nitakisafisha. Nimeshanoa upanga, na msumeno wa Baba nimeutoa darini.

Wewe soma. Huku niachie mimi.

Kaka yako,
Fortunato


Hai Jalaba, Juba
8 Aprili 2024

Kaka,

Samahani kwa kuruka salamu. Barua yako nimeipata asubuhi hii, naiandika hii nimesimama, Robinson amewasha lori nje. USIFYEKE. Usiondoe gogo, usichome jani.

Wiki nzima Madam anatufundisha jambo hilohilo. Mti mkavu ndiyo nyumba yenyewe: popo, bundi, nyuki, hondohondo, wote wanapanga humo. Gogo lililolala lina wapangaji wake. Msitu wa kupandwa unafagiwa kwa sababu unasubiri msumeno. Msitu wetu hausubiri mtu. Kaka, Baba alikosea. Imeniuma kulisikia darasani, nikainamisha kichwa kama niliyekamatwa mimi.

Karatasi hizi hapa. Safu ya kwanza ni dume, mara ngapi ameleta chakula. Ya pili ni tundu, likoje. Ya tatu ni wengine. Na Madam amesisitiza hili: siku asipokuja kiumbe yeyote, andika sifuri. Usiache wazi. Pakiwa wazi hatujui kama hakuja ndege au hakuja mtazamaji.

Kimbia bondeni sasa hivi, hata kwa goti hilo.

Santina


Lokwara
2 Juni 2024

Dada Santina,

Natumaini u mzima. Hapa mvua imenyesha na mahindi yamefika magotini. Yule fundi Ronald amefunga karakana, amehamia Nimule, kwa hiyo upande huu wa njia nimebaki mimi na mbuzi wake mmoja aliyekataa kukamatwa.

Barua yako ya tarehe nane Aprili nimeipata tarehe thelathini Aprili. Robinson alikwama karibu mwezi mzima. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Mzee, barabara khalas, imekwisha. Mimi nalala huko mpaka sahau sura ya bibi yangu. Malesh." Nikamwambia si kosa lake.

Niliyoyasoma nimeyaelewa. Nimeacha kufyeka.

Karatasi za mwezi wa tano ni hizi. Dume anakuja mara tatu kwa siku. Analeta tini, anazigeuza mdomoni kwanza, anaita mara moja, halafu anangoja.

Fortunato


Hai Jalaba, Juba
14 Juni 2024

Kaka mpendwa,

Ahsante Mungu umeandika. Miezi miwili nilikuwa nikimfuata kila dereva anayetoka kusini kama mdai. Mbuzi wa Ronald mpe jina, asiishi kama mgeni. Pole kwa majirani kwisha.

Mimi naendelea vizuri. Tunakula pamoja kwa Annet kila jioni, tunacheka sana. Mtoni tulikwenda tena.

Karatasi zako zimenipa sifa. Madam alizishika juu akasema, "Angalieni huyu kaka wa Santina, hajaruka siku hata moja." Vijana wakageuka kunitazama, na nakuambia kweli, ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike. Nhial, anayekaa mbele yangu, akaniuliza kama kaka yangu anaajirika.

Lakini safu ya tundu umeiacha wazi yote, siku thelathini na moja. Ufa upo? Matope yako mazima? Hata neno moja, "zima", linatosha. Na zile barua zako za zamani ulikuwa unanisimulia mpaka kikohozi cha kima. Hii umeandika kama unajibu polisi. Unaumwa?

Dada yako,
Santina


Lokwara
30 Juni 2024

Dada,

Siumwi. Goti tu. Mbuzi nimemwita Meneja, kwa sababu hafanyi kazi na anakula kwanza. Viola alituma salamu kwa mtu, na yule mtu amesahau zilisemaje.

Nimefurahi kwamba unacheka jioni. Mimi nakaa nje mpaka chakula kipoe. Nilitaka kukuuliza kitu, lakini nimesahau.

Karatasi za Juni hizi. Safu ya tundu niachie kwanza, macho hayafiki vizuri juu kule.

Fortunato


Hai Jalaba, Juba
12 Julai 2024

Kaka Fortunato,

Pokea salamu, na umpe Meneja zake. Leo sitazunguka.

Jana Madam Jerioth aliniita mbele ya meza yake. Akaweka karatasi zako zote mbili mbele yangu. "Santina, ndege si mtu wa ofisi. Mara tatu, mara tatu, mara tatu, siku sitini na moja. Hata tarehe kumi na tisa Mei? Siku hiyo mvua ilinyesha kuanzia huko kwenu mpaka hapa, paa la darasa likaingia kwa jirani. Huyo dume alileta tini akiwa na mwavuli?" Nikazisoma tena zile tatu. Akasema polepole, "Muulize kaka yako tu. Usimgombeze. Muulize."

Basi nakuuliza. Karibu miezi minne sasa tangu jike afungiwe. Wiki hizi angekuwa anabomoa ukuta kutoka na mtoto wake. Wewe unaniandikia dume, dume, dume. Jike huandiki. Tundu huandiki. Na macho yako hayo yanaona nyani akiwa ng'ambo ya mto.

Kaka, mti upo?

Madam anafika huko tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Kama kuna kitu, nataka nikijue kutoka kwako kabla sijakijua kutoka kwake.

Santina


Lokwara
21 Julai 2024

Mdogo wangu,

Mti haupo.

Nilifyeka wiki mbili. Pakawa peupe, safi, Baba angesimama pale akavua kofia. Jumamosi, tarehe sita Aprili, nikachoma matawi kwa mafungu, kama Kitale. Mafungu yalikuwa mbali na mkangazi, nakuapia, hatua arobaini. Upepo ukageuka. Moto ukaingia kwenye mizizi mikavu ya ule mti, na kwa kuwa ndani ni mtupu, ukapanda kama kwenye bomba la jiko. Nikaona moshi unatoka kwenye ufa wao.

Nilikata mti ili nimtoe. Mtu mmoja, msumeno wa watu wawili. Ulipoanguka ukapasuka, na jike alikuwa hai. Yai lilivunjika. Nikamshika, nikaona mabawa yake hayana manyoya ya kurukia, hata moja. Nikasema mimi ndiye niliyemchoma. Nikamtia kwenye kapu la Mama, nikamlisha papai kwa kidole. Siku ya kwanza alikula. Siku ya tatu akafa, asubuhi, nikiwa nimekwenda kumtafutia tini kwa kuwa nilidhani papai halimfai.

Dume alikuja siku tisa. Alitua kwenye mti jirani wa msaji na tini mdomoni, akaita, akangoja pale hewani palipokuwa na tundu. Akazungukazunguka. Halafu akaondoka na tini ileile. Mara tatu kwa siku, Santina, hilo si uongo. Siku ya kumi hakuja, na hajarudi tena.

Barua yako ikafika karibu mwezi baadaye, pamoja na karatasi. Nikakaa na kalamu. Ulisema niandike sifuri. Nilijaribu. Mkono wangu ulikataa kuandika sifuri siku ya kwanza, basi nikaandika zile siku tisa, nikazirudia na kuzirudia. Nilikuwa nikienda kila siku bondeni, hilo ujue. Nilikaa, nikatazama, nikarudi nyumbani nikaandika tatu.

Nilitaka Madam aone kwamba Baba alitulea. Na nilitaka ufaulu haraka urudi, kwa sababu nyumba hii ni kubwa mno kwangu. Kama sare itachukuliwa, nimeichukua mimi.

Sina uso wa kukuomba msamaha kwa barua. Lakini naomba.

Kaka yako,
Fortunato


Hai Jalaba, Juba
18 Agosti 2024

Kaka Fortunato,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Nilikasirika. Sitaki kukuficha. Si kwa mti wala kwa moto, moto ni moto. Nilikasirika kwa siku sitini na moja ulizonidanganya, mimi nikisimama mbele ya vijana wale na kupongezwa. Nilikuandikia barua moja mbaya na nikaichana. Shukuru Robinson alichelewa.

Nhial alinishauri niseme ndege wamehama, hutokea. Nilitamani. Ningefaulu, ningerudi na cheti, ningevaa sare, kisha kila nikipita bondeni ningegeuza uso. Nikampelekea Madam barua yako. Vifungu vya familia havimhusu, hivyo niliviruka. Nilimsomea kuanzia "Mti haupo". Aliposikia kuhusu mabawa alinikatiza. "Mwambie hakumchoma manyoya." Kaka, sikiliza hili. Jike la hondohondo likishafungiwa linamwaga lenyewe manyoya yake ya kurukia, yote. Ndivyo alivyo. Anajikabidhi kabisa kwa dume na ule ufa. Hukumchoma. Hilo ulibebe kama lilivyo. Mengine bado ni yako.

Cheti sipati mwaka huu. Ndiyo maana tarehe kumi na nne Madam hakufika kwako. Madam amesema hawezi kutia sahihi, na mimi singetaka aitie. Desemba narudisha sare. Amenipa kitu kimoja: kipande kilekile, kilivyo sasa, kimeungua na kufagiwa, nikiandike upya kuanzia mwanzo, kionekane kinarudiwa na nani, na nikae na kundi jingine mwakani. Nikamuuliza kama mtazamaji naye abadilishwe. Akasema, "Anayejua uongo ulikuwa wapi ndiye namtaka." Karatasi mpya ziko ndani ya bahasha.

Na sasa mimi. Mtoni sijawahi kwenda. Hakuna wenzangu wa Jumapili. Vijana ni wema, lakini mimi nina umri wa mama zao, na wakimaliza darasa wana mambo yao. Jioni nachukua sahani kwa Annet naingia nayo ndani. Juzi ameniambia, "Mama Santina, wewe nakula na ukuta kila siku, kwani hiyo ukuta inasema nini?" Nikacheka, nikafunga mlango, nikalia. Miezi mitano nimekuwa nikikujazia karatasi ya uongo kama yako, ila mimi sikukaguliwa.

Tuanze upya wote wawili. Siku asipokuja, andika sifuri.

Santina


Lokwara
15 Septemba 2024

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kisiki. Ile habari ya manyoya nimeirudia mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Ahsante kwa kunikasirikia, nilikuwa nikiingoja hasira yako kama mtu anayengoja dawa iliyoahidiwa.

Vipande vya mkangazi sikuvichoma. Vimelala pale vilipoanguka. Kimoja chenye uwazi, urefu wa mkono wangu, nimekifunga kwa waya juu ya msaji, mlango nimeutazamisha mashariki kama ule wa zamani. Goti lilinitukana siku mbili. Magugu nimeyaacha yaote, na napita pembeni kama mgeni.

Karatasi ya wiki hii ni hii. Nakuandikia pia hapa ili usidhani nimekosea.

Jumatatu, dume sifuri, tundu tupu, wengine: siafu. Jumanne, dume sifuri, tundu tupu, wengine: siafu. Jumatano, dume sifuri, tundu tupu, wengine: kenge mmoja chini ya gogo, alinitazama kama mwenye nyumba. Alhamisi, sifuri. Ijumaa, sifuri. Jumamosi, sifuri, mvua. Jumapili, sifuri.

Utaona nimechora safu ya nne pembeni, kwa mkono. Nimeiandika "Nyumbani kwa Fortunato, waliokuja". Jumatatu sifuri. Jumanne sifuri. Jumatano sifuri, Meneja simhesabu, ni mkazi. Kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili, sifuri. Sikuiandika ili unihurumie. Umesema pasiachwe wazi.

Kaka yako,
Fortunato


Hai Jalaba, Juba
27 Septemba 2024

Kaka,

Karatasi yako nimempa Madam. Safu tatu ameziweka kwenye faili, ya nne akaikata kwa mkasi, akaikunja na kunirudishia, kisha akanipa ruhusa ya wiki moja bila kuniuliza sababu.

Robinson anasema njia imekauka. Jumamosi tarehe tano Oktoba usiandike sifuri kwenye safu ya mwisho. Andika moja, na saa niliyofika. Chakula pika cha watu wawili, kama mazoea yako, ila safari hii changu nitakikuta cha moto.

Santina